Sauti Mbili za Estill Pruitt

Bi Oleta Hensley aliingia kwenye karakana yangu amekumbatia sanduku la mbao la kubebea matufaha, na nilipotaka kumpokea akakataa. Alilitua mwenyewe mezani, kati ya mashine zangu, akarudi nyuma kidogo na kujifuta mikono kwenye sketi.

"Linanuka," alisema. "Nakuambia mapema usije ukadhani ni mimi."

Lilinuka siki. Mikanda ya sauti ya zamani ikianza kuoza hutoa harufu hiyo, na mtu wa kazi yangu akiisikia hupata hamu na woga kwa pamoja, maana hajui kama amewahi au amechelewa. Nikafunua gazeti lililofunika juu. Mikanda ilikuwa imesimamishwa wima ndani ya makasha yake, na kwenye ubavu wa kila kasha mtu alikuwa ameandika kwa penseli, "Pruitt, asubuhi", na mwaka.

Jina hilo sikuhitaji kuelezwa. Nimezaliwa na kukulia Tennessee, na nyumbani kwetu santuri za Estill Pruitt ziliwekwa juu ya kabati, mahali ambapo watoto hatukufika. Alikuwa na sauti ya juu, nyembamba, kama ya kijana ambaye bado hajanyoa ndevu, na mwisho wa kila mstari ilitetemeka kwa namna iliyowafanya wanaume wazima wakumbuke ghafla kwamba wamesahau kitu nje kwenye gari. Baba yangu alikuwa mmoja wa wanaume hao. Pruitt alikufa mapema, gari lake lilipoteleza kwenye barafu milimani, na miaka yote hiyo wapenzi wa muziki wa kantri tuliamini kwamba kila alichowahi kuimba kimo katika santuri zile chache. Bi Oleta ni mtoto wake wa pekee. Baba yake alipokufa alikuwa hajaanza hata shule. Aliposimama mbele yangu alikuwa bibi mwenye wajukuu, na miwani yake imening'inia shingoni kwa mnyororo.

"Ilikuwa wapi hii yote?" nilimuuliza.

"Kwa Lovell, Sandlick. Chini, kwenye majeneza."

Sandlick ni mji mdogo wa mashariki ya Kentucky, na kwa muda mrefu akina Lovell ndio waliokuwa wakizika watu wa huko. Walikuwa wakilipia kipindi cha asubuhi kwenye redio ya pale, alichokuwa akiimba Pruitt, na kwa kuwa nafasi pekee waliyokuwa nayo ilikuwa chumba cha chini, studio ikawekwa humo, pembeni ya majeneza yaliyosubiri wenyewe. Biashara ilipofungwa, aliyenunua jengo akataka kuligeuza ukumbi wa mazoezi ya viungo. Alipobomoa ukuta wa mbao nyuma ya tanuri la kupasha jengo joto ndipo alipolikuta sanduku.

"Kampuni ya Nashville inataka kuzitoa nyimbo mwaka huu huu," Bi Oleta aliniambia. "Wanasema fundi ni wewe. Mimi mambo ya mashine siyajui, Reva. Nataka tu zisafishwe, na asiguswe."

"Nani asiguswe?"

"Baba. Safisha uchafu. Yeye muache alivyo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Kazi ya mwanzo ilikuwa ya vidole. Mkanda wa zama zile ukikauka hukatika kama tambi zisizopikwa. Nilikuwa nauzungusha taratibu, ukikatika naunganisha, ukikatika tena naunganisha tena. Bi Oleta alikuwa amefikia kwa wifi yake, mtaa wa pili kutoka kwetu, na kila siku alikuja na chupa ya chai baridi ya sukari, akaketi kwenye kiti cha gari bovu ambacho mume wangu Garland alikiegemeza ukutani. Hakuongea sana. Alikuwa akitazama mkanda unavyozunguka, kama mtu anayemsubiri mgonjwa atoke kwa daktari.

Mkanda wa kwanza ulipokuwa tayari nikabonyeza. Kwanza ukaja mchakacho, kana kwamba mtu anakaanga nyama chumba cha pili. Kisha gitaa. Kisha yeye.

Ilikuwa ile ile sauti changa, ya kulia bila kulia. Wimbo wenyewe sikuwahi kuusikia. Ulihusu mwanamume anayerudi nyumbani na kukuta mapazia yamebadilishwa. Nikamtazama Bi Oleta, naye alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Ndiye," alisema polepole. "Ndiye huyo."

Wimbo ukaisha, akaingia Mzee Lovell mwenyewe kusoma majina ya marehemu wa wiki. Aliyasoma kwa sauti ya bata aliyebanwa na mlango. Bi Oleta akacheka mpaka akatoa leso.

"Huyo si Mzee Lovell," alisema. "Mzee Lovell nilimjua nikiwa msichana. Alikuwa na sauti nzito, akikuamkia unahisi ameshakupima urefu."

Mimi sikucheka. Kama Lovell amekuwa bata, mkanda unakimbia. Na kama mkanda unakimbia, basi si Lovell peke yake anayekimbia.

Niseme jambo moja la kazi yangu, halafu sitawachosha tena. Umeme wa nchi hii unavuma. Mashine ikichomekwa ukutani, mvumo huo hujipenyeza kwenye mkanda, chini kabisa ya muziki, nao ni mmoja kila mahali, Kentucky au California, leo au wakati ule. Mwimbaji anaweza kupanda na kushuka, mvumo haupandi. Kwa hiyo fundi akitaka kujua kama mkanda unakwenda mwendo wake, huutafuta mvumo. Kwenye mikanda ya Sandlick ulikuwa juu mno. Maana yake, mashine ya akina Lovell ilizunguka polepole wakati wa kurekodi, na sasa kwenye mashine yangu iliyo nzima kila kilichomo kilikuwa kimeharakishwa.

Bi Oleta aliporudi kesho yake nilikuwa nimeshapunguza mwendo hadi mvumo ukakaa mahali pake. Mzee Lovell alikuwa amekuwa binadamu. Alisoma majina kwa sauti nzito, yenye adabu, akipumzika baada ya kila marehemu.

"Sasa huyo ndiye," alisema Bi Oleta, akachekelea. "Utadhani yuko hapa anakuuliza unapenda mbao gani."

Kisha Estill Pruitt akaimba, na alikuwa mtu mwingine. Ilikuwa sauti ya kifua, ya mwanamume aliyekomaa, pana, isiyo na haraka yoyote. Ule mtetemo wa mwisho wa mstari ulikuwepo, ila sasa ulikwenda taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo kwa uangalifu. Leo nasema ilikuwa sauti nzuri. Siku ile sikujua kama ni nzuri. Nilijua tu kwamba simjui mwenye nayo.

"Huyo nani?" Bi Oleta aliuliza.

"Ni yeye, Bi Oleta. Nimerekebisha mwendo tu."

"Nimekuuliza huyo nani."

"Ni mkanda ule ule wa jana."

"Jana ulikuwa na baba yangu. Leo umeniwekea dereva wa lori."

Nikamweleza habari ya mvumo. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kwa heshima ya kutisha.

"Nilikuambia usimguse," alisema.

"Sikumgusa yeye. Nimegusa mashine."

"Mwanangu, baba yangu ana santuri. Zinapigwa redioni mpaka leo. Mimi nimemjulia humo, sina mahali pengine pa kumjulia. Hebu weka moja hapo, uniambie kama ni huyu."

Nikaweka. Nilikuwa nazo zote, zile za baba yangu. Na ilikuwa kama alivyosema: kijana wa santuri alikuwa ndiye kijana wa mkanda kabla sijaupunguza, sauti ile ile, umri ule ule, ungeweza kumtoa huku ukamweka kule. Nikasimama katikati ya karakana yangu nikiwa sielewi kitu. Santuri ile ilirekodiwa Nashville, kwenye studio ya watu wenye akili zao na mashine nzima. Kama Pruitt alikuwa na sauti nzito, kijana huyu ametoka wapi? Na kama kijana ndiye wa kweli, mbona Lovell anakuwa bata?

"Basi umeme wa Sandlick ndio ulikuwa mbovu," alisema Bi Oleta, akachukua mkoba wake. "Kule kila kitu kilikuwa kibovu." Akaondoka na kuacha chai yake mezani.

Nilimweleza Garland tukiwa tunakula maharage na mkate wa mahindi. Garland alikuwa tarishi maisha yake yote na hana jambo linalomshtua.

"Labda walikuwa wawili," alisema. "Mmoja wa redioni, mwingine wa santuri. Redio haina uso."

"Lovell anamtaja kwa jina. Kila asubuhi anasema, 'Na sasa Estill Pruitt.'"

"Hata mimi, ukiniita Estill Pruitt kila asubuhi na kunipa kifungua kinywa, nitaitika."

"Unaniona mjinga."

"Nakuona umechoka. Ongeza siagi hapo."

Lakini wazo lake lilinikaa. Mwimbaji wa kukodi. Shemeji, au binamu, mtu wa kushika zamu wakati mwenyewe yuko safarini. Nikarudi kwenye sanduku na kuchukua mikanda ya mwisho, ya miaka ambayo Pruitt alikuwa ameshakuwa na jina, nikatengeneza mmoja, nikajiandaa kupunguza mwendo. Haukuhitaji. Mvumo ulikuwa mahali pake; bila shaka akina Lovell walikuwa wameshanunua mashine nyingine. Lovell alikuwa Lovell, mzito na mpole. Na alipoimba Estill Pruitt, bila mimi kugusa chochote, aliimba kwa sauti ya juu. Alikuwa kijana wa santuri.

Ila kulikuwa na kitu. Kabla ya kila noti ya juu alikuwa anavuta pumzi kwa nguvu, kama anayejiandaa kuruka mtaro. Kwenye wimbo mmoja sauti ilimkatika, akakohoa, akasema mzaha kuhusu vumbi la mkaa, akaendelea. Nilirudia pale mara nyingi. Kukohoa kwake kulikuwa kwa mwanamume mzima.

Sasa mambo yalikuwa yamenichanganya kuliko mwanzo. Wavulana hutoka juu wakashuka, tunajua. Sijawahi kusikia mwanamume aliyekwisha kushuka, kisha akapanda tena. Nilianza kuushuku hata mvumo wenyewe, jambo ambalo kwa fundi wa sauti ni kama seremala kuishuku futi yake.

Nikampigia Bi Oleta simu. Alikuja. Nikamchezea yule wa kwanza aliyepunguzwa, kisha huyu wa mwisho asiyeguswa. Alisikiliza wote wawili.

"Huyu wa pili ndiye baba," alisema mwishoni. "Yule wa kwanza ni mwongo." Lakini alikuwa anausokota mnyororo wa miwani yake, na uhakika ule wa mwanzo haukuwepo. "Clovis bado yupo hai," aliongeza baadaye. "Clovis Beasley. Yuko kwenye nyumba ya wazee, mjini Hazard. Alipiga gitaa na baba tangu mwanzo mpaka siku ya barafu. Tatizo ni kwamba sijazungumza naye tangu tulipomzika mama."

"Mligombana?"

"Hata kugombana hatukugombana. Niliacha tu."

Tukaenda na gari lake. Aliendesha yeye, mikono yote miwili kwenye usukani, redio imezimwa.

Mzee Clovis tulimkuta kwenye ukumbi wa chakula, wenzake wameshaondoka, mbele yake bakuli la pudingi ya ndizi. Alikuwa mdogo, amekunjamana, amevaa kofia ya kampuni ya mbolea.

"Mzee Clovis," Bi Oleta alisema, "ni mimi, Oleta wa Estill."

"Najua ni wewe. Una pua yake. Pole sana." Akanitazama mimi. "Na huyu mwenye mkoba ni nani, ananiletea bima?"

"Anaitwa Reva. Anatengeneza mikanda ya baba, ile ya kwa Lovell."

"Ile bado ipo?" alisema, na kijiko kikasimama.

Nikaweka kompyuta yangu ndogo juu ya meza na kumchezea kwanza ule mkanda wa mwanzo kama ulivyotoka sandukuni, unakimbia. Akainamisha kichwa.

"Huyo anayepiga gitaa nyuma ni mimi," alisema. "Na sijawahi kupiga haraka namna hiyo bila kufukuzwa na mbwa."

Nikamchezea uliopunguzwa. Ile sauti pana ikajaa ukumbini, na mfanyakazi aliyekuwa akifuta meza akaacha kufuta. Mzee Clovis akasikiliza mpaka wimbo ukaisha. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini wazee wengine macho yao huwa hivyo muda wote, sikuweza kujua.

"Nilidhani ameshapotea huyo," alisema. "Huyo ndiye Estill."

"Na wa kwenye santuri?" aliuliza Bi Oleta. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Wa kwenye santuri pia ni Estill. Ngoja, mama, usinikazie macho. Nitakuambia, ila itakuudhi."

Akasukuma bakuli pembeni. Mashine ya Lovell, alisema, ilikuwa kuukuu, inaburura miguu. Kila mtu pale Sandlick alijua hilo isipokuwa mwenye mashine. Haikuwa na shida, kwa kuwa kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja na mikanda ilikuwa ya kutunza tu. Halafu Lovell, kwa nia njema kabisa, akatuma mkanda mmoja kwa kampuni ya santuri huko Nashville. Bwana mmoja wa kampuni akausikiliza kwenye mashine nzima, akamsikia kijana analia, akaota utajiri. Akawaita.

"Tukaenda. Estill akavaa shati jipya. Akaimba wimbo mzima. Yule bwana akawa anatazama mlangoni, kama kuna mtu anamsubiri. Estill alipomaliza akamuuliza, 'Yule kijana yuko wapi?' Estill akasema, 'Kijana ni mimi.' Bwana akasema, 'Sawa, sawa.' Wakaturekodi, tukarudi nyumbani."

"Wakaharakisha," nilisema.

"Wakaharakisha mpaka akafanana na mkanda wa Lovell. Hakuna aliyetuambia. Tulikuja kusikia mkahawani, Pikeville, tunakula mayai. Redio ikaanza. Estill akabaki na uma hewani, akaniuliza, 'Clovis, nani huyu mtoto, na amepata wapi wimbo wangu?'"

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Bi Oleta hakucheka.

"Halafu?" alisema.

"Halafu ukapendwa. Tukaitwa Knoxville, tukaitwa Roanoke. Anapanda jukwaani, anafungua mdomo, watu wanapiga kelele wanamtaka Estill Pruitt wa kweli. Usiku mmoja walimtupia chupa. Kwa hiyo akajifunza. Alipanda mwenyewe mpaka kule juu kwa yule mtoto, bila mashine, kwa koo lake. Ilimchukua kama mwaka. Asali, wiski ya bourbon, sukari iliyodondoshewa mafuta ya taa, kila alichoambiwa alimeza. Na akiwa na onyesho hakuwa anasema mchana. Neno hata moja. Anatunza koo. Na kila siku kulikuwa na onyesho."

"Mchana hakuwa anasema," Bi Oleta alirudia.

"Alikuwa anaonyesha kwa kidole. Chumvi, mlango. Sisi tulizoea."

Bi Oleta alivua miwani akaiweka mezani, akairudisha, akaivua tena. Kisha akaanza kusema, akinitazama mimi badala ya yule mzee.

"Sina kumbukumbu hata moja ya baba yangu akizungumza nami. Nakumbuka ananitazama. Nakumbuka kidole chake kinaonyesha viatu vyangu, nivae. Nilidhani hanipendi. Mama alikuwa akisema ananipenda sana, nami nikadhani mama ana huruma tu. Hayo ndiyo niliyokua nayo."

"Alikuwa anakupenda, mwanangu," alisema Mzee Clovis.

"Alikuwa anawatunzia sauti watu wa Knoxville. Na haikuwa hata sauti yake."

"Mwishoni ilikuwa yake. Aliitolea damu. Nilimwona mwenyewe akitema."

Mimi, kwa kuwa sikujua mahali pa kutazama, nikamuuliza mzee kwa nini miaka yote hiyo hakumwambia mtu.

"Ningemwambia nani?" alisema. "Kwamba kilichoimba ni mashine ya wenye majeneza? Na mimi nilikuwa nakula kwa sauti ile, kama wao." Akavuta bakuli lake, akalitazama, hakula.

Njiani Bi Oleta alisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta ingawa tangi lilikuwa limejaa. Tukakaa mle ndani.

"Nimkasirikie nani?" aliniuliza. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza njia. "Lovell alitaka kumsaidia. Yule bwana wa kampuni ameshakufa. Waliotupa chupa walitaka walichoahidiwa. Baba alitaka tule. Mashine siwezi kuikasirikia. Wewe uliyesoma mambo haya, niambie."

"Sijui, Bi Oleta."

"Ningekuwa nimefika pale nikaambiwa tu hakuwa mtu wa maneno, ningerudi nyumbani na amani yangu."

Kampuni ya Nashville haikuwa na mkanganyiko wowote. Walitaka mikanda yote iwe na sauti ya juu. Watu wanamtaka Pruitt wanayemjua, walisema, na waliosema walikuwa vijana wastaarabu ambao hawakuwa na ubaya. Niliwaambia uamuzi ni wa familia. Familia ilikuwa Bi Oleta, na Bi Oleta alikuwa akinipigia asubuhi kusema acha zikimbie, akinipigia mchana kusema zipunguze, akinipigia jioni kuniuliza kama naweza kutafuta mahali pa katikati. Nilijaribu hapo pa katikati. Nikampata mtu wa tatu, asiyefanana na yeyote, tukakubaliana kumfuta.

Alipoamua hakunipa sababu. "Weka kila mkanda kama mvumo unavyosema," alisema kwenye simu. "Mwanzo mzito, mwisho mwembamba. Na wasiandike maelezo mengi kwenye jalada. Nisingependa watu wamwonee huruma." Kampuni ilinung'unika kisha ikakubali.

Santuri ilipotoka niliandikiwa na watu nisiowajua. Mzee mmoja alisema nimemharibu Estill Pruitt na kwamba mama yangu hakunilea. Mwingine alikuwa na hakika kwamba nyimbo za mwanzo zimeimbwa na tapeli, akataka kujua familia imenyamazishwa vipi. Msichana wa Oregon aliandika kwa ufupi kwamba amempenda zaidi yule bwana wa kwanza, je, ana nyimbo nyingine? Redio zilipiga zile za mwisho tu.

Mimi mwenyewe sijatulia. Nikiweka santuri za baba yangu nasikia haraka iliyomo, nasikia bata kwa mbali, nazipunguza. Zikipungua, namkosa yule kijana, nazirudisha. Baba yangu ameshakufa na siwezi kumuuliza, lakini huwa najiuliza alikuwa akitoka nje kwenda kumlilia nani. Garland anasema alikuwa akimlilia mtu yule yule. Labda. Garland anaona mambo mengi kuwa rahisi.

Bi Oleta nilikuwa nimeshaacha kumtarajia, ndipo akaja tena mwanzoni mwa machipuko, bila sanduku, amekata nywele. Alikataa kukaa.

"Nina ombi, na ukiliona la kijinga sema," alisema. "Nyimbo sizitaki. Kwenye ile mikanda ya mwanzo, kati ya wimbo na wimbo, kuna mahali anaongea. Si ndiyo?"

"Anaongea kidogo. Matangazo."

"Nikatie hayo. Nyimbo zote zitoe. Nibakizie anapoongea."

Nilifanya kazi ile mbele yake. Yalikuwa maneno machache kuliko nilivyodhani, dakika chache tu kwa mikanda yote ya mwanzo. Nikayaunganisha, nikamchezea. Estill Pruitt akawaamkia watu wa bondeni kwa ile sauti yake ya kifua. Akasifu unga wa biskuti. Akasema kuna ndama mwekundu amepotea, mwenye kumwona apeleke habari dukani. Akasema mto umepanda juu ya barabara, wenye magari ya chini wapitie njia ya kanisani, na wasiwe wabishi. Alisema "wasiwe wabishi" akiwa anatabasamu, unalisikia tabasamu kabisa.

Bi Oleta alikuwa ameegemea meza.

"Ana lafudhi kama ya mama mkwe wangu," alisema.

"Ndiyo ya kule."

"Hapo alikuwa anasema na nani?"

"Na yeyote aliyekuwa amefungua redio."

Akaanza kuhesabu miaka kwa vidole, kama alikuwa ameshazaliwa au bado, akapotea njiani, akaacha.

"Sijui kama ni yeye," alisema. "Kweli kabisa sijui. Lakini anaongea vizuri."

Kisha akavuta kile kiti, akaketi. "Rudisha pale pa ndama," alisema, nami nikarudisha.